Andika Nane

Mtumbwi wa bonde hili hauna umbo la safari.
Ni kikapu cha mierebi kilichopakwa lami,
mviringo kama ungo, mwepesi kama ungo,
na nafasi yake ni ya makalio mawili tu.
Ukimaliza kuvua unaubeba mgongoni,
unapanda nao njia ya malisho,
na kondoo wa Bwana Pryce wanasimama kutazama
kobe mwenye buti za mpira akirudi kwake.

Baba alikuwa kobe hivyo miaka arobaini na mmoja.
Alifariki Februari, mto ukiwa umefura.
Leseni ya wavu tukairudisha mjini kwa posta,
bahasha ya kaki, stempu mbili,
na hatukuambiwa atapewa nani.

Mimi sikujifunza.
Nilikuwa na miaka tisa nilipopinduka chini ya daraja.
Mto Gwennol, yaani mbayuwayu kwa Kiwelisi,
ukaniingia puani, na nilipoibuka
nikawasikia walio juu wakicheka,
sauti ya Baba ikizipita zote.
Nikakauka, nikakua, nikaenda zangu. Nikawa karani wa benki.
Benki ilipofungwa nilirudi
na sanduku moja na tai kumi na mbili.

Sasa mwalimu wangu ni Non, binti wa dada yangu,
miaka kumi na mitatu, meno yamefungwa waya,
hasira za karibu kama babu yake.
Samaki hukunjwa angali mbichi. Mwerebi nao.
Tumezilaza fito ndani ya hori la kondoo siku tatu
ili zikubali kupinda.
Non anaziangalia fito, ananiangalia mimi.
"Wewe," anasema, "tungekuroweka mwezi."

Tunasuka ukingo. Tunavuta kaliko juu ya mbavu,
tunapaka lami ya moto kwa brashi ya Baba.
Mpini umebonyea pale lilipokaa dole gumba lake.
Naushika chini kidogo ya hapo.

Jioni hatushuki mapema.
Hatuvui, kwani hatuna leseni,
lakini Non hataki kusikia:
mpaka changarawe zipoteze rangi,
mpaka nyota saba zihesabike.
Anahesabu kwa sauti. Ya tatu inasogea,
ni ndege inayokwenda Ayalandi. Anaifuta.
Anaanza upya.

"Usipige kafi ubavuni, utazunguka kama pia.
Mbele yako. Andika nane.
Hapana, nane iliyolala!"
Miaka ishirini na sita niliandika nane za watu,
za mikopo, za riba, za hundi zilizorudi,
na hakuna hata moja iliyonisogeza.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti, mashindano.
Akina mama wa kanisa wanauza mkate wa zabibu
ulioroweshwa chai usiku kucha.
Mbwa wa wachungaji wameshamaliza zamu yao,
wamelala chini ya meza ndimi nje.
Bonde zima liko darajani.

Naingia chini ya tao, wa tisa kati ya tisa.
Giza, ubaridi, matone.
Na hapo nakisikia tena kile kicheko,
kinaruka kutoka jiwe hadi jiwe, hakina mdomo.
Natoka upande wa pili, nainua macho:
hakuna anayecheka.
Non ameinama kwenye ukuta, uso mwekundu,
anapiga kelele: "Andika! Andika!"

Nikaacha kuandika. Mkondo ukanizungusha.

Sijui. Huenda Baba alicheka kweli,
alikuwa mtu wa kucheka, hata makaburini.
Huenda aliita jina langu
na mawe yakalivunja njiani.

Nilifika nyuma ya bata.
Wakanipa kitunguu kirefu cha mshindi wa mwisho,
nikakichomeka mfukoni kama kalamu.
Kisha mkanda wa ngozi kifuani, mtumbwi mgongoni,
maji yakinidondoka kisogoni, nikaipanda njia ya malisho.

Kondoo wa Bwana Pryce waliinua vichwa,
wakatazama,
wakarudi kula.